Usisahau Chachu

Tulimwacha Mzee Breki na glasi mdomoni, msomaji, na najua mpo mlioshika pumzi juma zima. Iachieni. Ameshameza.

Kwa aliyetukuta njiani, habari ni fupi. Sebuleni kwa Fundi Friji wamekaa watu waliokuja kuamua kama binti yake wa pekee ataolewa au ataendelea kusubiri. Baba wa mchumba ndiye Mzee Breki, aliyekuwa dereva wa malori na sasa anafundisha watu kuendesha. Amekuja na lile gari lake la kufundishia, lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja miguuni kwa mwalimu. Kando yake yuko mkewe, Nesi, ana mafua, anakunywa maji ya moto na kupenga kamasi. Na yuko kijana mwenyewe, mchumba, mpole mpaka anakera, amekaa kama mtu anayengoja kung'olewa jino.

Mzee Breki hakuja na maneno mengi. Alisimama mlangoni akasema, "Pombe ilimuua mdogo wangu. Alikuwa kando yangu kwenye lori, na mimi ndiye niliyelewa. Tangu siku ile nikapiga breki. Mwanangu haoi kwenye nyumba yenye pombe, fundi. Tuelewane mapema."

"Hapa kuna sharubati tu, mkwe," Fundi akajibu, kifua mbele. "Sharubati ya zambarau, kama alivyopika marehemu mke wangu."

Ilikuwa nusu ya kweli. Sharubati ilikuwepo, chupa kadhaa, kila moja na uzi mweupe shingoni. Lakini ndani ya pipa la unga ilifichwa chupa moja yenye uzi mwekundu. Hiyo ilikuwa kileo, zambarau zilizolowekwa kwenye pombe kali na sukari kwa maelekezo ya Shemeji, kaka wa marehemu, ambaye kazi yake ni kumimina vinywaji kwenye baa ya hoteli. Fundi aliiweka ya kujipongeza wageni wakishaondoka. Na ndipo, glasi ikigusa midomo ya mkwe, Shemeji akamkanyaga Fundi mguu chini ya meza na kumnong'oneza, "Uzi wa hiyo chupa ni mwekundu."

Fundi akanyanyuka na kiti chake.

"Samahani mkwe, kuna nzi humo."

Mzee Breki akaitazama glasi. Ilikuwa tupu.

"Basi nimemmeza," akasema. "Ana utamu wake."

Fundi akaitwaa chupa mezani, akaomba radhi, akakimbilia jikoni. Shemeji nyuma yake. Mlango ukafungwa.

"Umeniua," Fundi akasema kwa sauti ya chini.

"Mimi? Aliyemimina nani?"

"Aliyeniletea kileo humu ndani nani? Nilikuwa na balaa langu la sharubati, linanitosha. Ukaja wewe na pombe yako kali, eti loweka tu, eti ni kazi ya kulala usingizi."

"Na ni kazi ya kulala usingizi. Ulipoiacha peke yake, haikukusumbua. Mambo unayoyashika ndiyo yanayoharibika, shemeji."

Fundi alikuwa ametumbukiza mkono kwenye pipa la unga mpaka kwenye kwapa, anapapasa. Akaigusa. Akaivuta. Chupa ya kileo ilitoka nyeupe kama mzimu, uzi wake mwekundu mahali pake, kizibo kimezibwa kwa nta, haijaguswa.

Akaishika ile ya mezani, akaiweka chini ya bomba na kuusugua uzi wake kwa kidole. Maji yakatiririka ya zambarau. Kisha uzi ukajitokeza mweupe.

"Tazama," akasema. "Tazama, wewe mwenye macho ya baa. Uzi ni mweupe. Umelowa sharubati tu."

Shemeji akainama, akatazama, akajikuna shingo. "Taa ya sebuleni ni hafifu," akasema.

"Hafifu ni wewe."

Fundi akaegemea friji lake, akafumba macho. Wengine huegemea ukuta, yeye huegemea friji. Hilo lilikuwa limekufa tangu mvua za mwanzo, limegeuka kabati la viatu, na yeye mwenyewe ndiye anayefufua mafriji ya mtaa mzima. Mganga hajigangi. Lakini kwa dakika hiyo alikuwa na amani. Mkwe amekunywa sharubati. Nyumba ni safi. Binti ataolewa.

Amani hiyo, msomaji, usiizoee. Alikuwa ameilipia kwa jasho.

Binti yake alimwomba kitu kimoja tu. "Baba, siku wakija sitaki soda. Nataka sharubati ya mama." Mtu gani angekataa? Fundi akasema niachie mimi. Akakataa msaada wa binti, akakataa msaada wa majirani, akavaa lile aproni la marehemu lililomfikia kitovuni, akaanza.

Mara ya kwanza alichemsha zambarau akaibania sukari. Baada ya siku chache chupa zikaota ukungu, manyoya kabisa, ungeweza kuzichana. Akamwaga.

Mara ya pili akasema kumbe dawa ni sukari. Akaimimina kama anayemwaga zege. Akachemsha, akachemsha, akaenda kuitikia simu ya mteja mwenye friji lisilogandisha. Ilipopoa, akainamisha chupa, hakikutoka kitu. Aliigonga kitako, akaitikisa, akaingiza mpini wa kijiko. Mpini ukabaki humo mpaka leo. Akaenda kukaa uani peke yake na kutukana kwa utulivu, tusi baada ya tusi, mpaka paka wa jirani akahama ukuta.

Mara ya tatu akajishusha, akampigia simu Shangazi, yule aliyemfundisha marehemu tangu akiwa msichana. Shangazi ni mzito wa kusikia na mwepesi wa kukata simu. Alimwambia punguza sukari, usichemshe mpaka ifie jikoni, chuja kwa kitambaa safi. Kisha, simu ikikwaruza, akamalizia kwa mkazo, "Na usisahau chachu." Ikakatika.

Fundi hakusahau. Safari hii mambo yalikwenda. Sharubati ilitoka nyepesi, haikuhitaji hata kuzimuliwa na maji. Akajaza chupa, akaziba, akafunga nyuzi, akazipanga kwenye kabati juu ya jiko kwa kuwa friji lilishakuwa la viatu. Siku zilizofuata alichungulia akaona vipovu vinapanda polepole ndani ya chupa. Akafurahi mno. Akasema, inapumua, iko hai. Hakuionja, kwa sababu marehemu alikuwa na sheria yake: chupa ya mgeni haionjwi kabla ya mgeni.

Haya. Sasa ameegemea friji, amefumba macho.

Kabati juu ya jiko likapiga kishindo.

Mlango wake ukafunguka wenyewe. Kizibo kikapita sikioni kwa Shemeji, kikagonga dari, kikaangukia kwenye sinki. Nyuma yake likaja povu la zambarau, likamwagika kutoka kabatini kwenye jiko, kutoka jikoni kwenye sakafu, likielekea kwenye soksi za Fundi.

"Kuna nini huko?" Nesi aliita kutoka sebuleni kwa sauti yake ya mafua.

"Sufuria imeanguka, mkwe," Fundi akajibu.

Chupa ya pili ikalia.

"Na mfuniko wake," akaongeza.

Wanaume wawili wakasimama wakitazama dari. Dari ilikuwa nyeupe, Fundi aliipaka mwenyewe kwa ajili ya siku hii. Sasa ilikuwa na doa kubwa kama ramani, na lilikuwa linadondoka.

Shemeji akachovya kidole kwenye povu. Akanusa. Akalamba. Uso wake ukabadilika, ukawa uso wa kazini.

"Shemeji," akasema taratibu. "Humu umetia nini?"

"Zambarau. Maji. Sukari."

"Na?"

"Na chachu. Shangazi aliniambia nisisahau chachu, na sikusahau."

"Chachu gani?"

"Chachu ni chachu. Hamira. Ile ya kuumulia mkate. Nilitia kijiko kizima, nikakikung'uta."

Shemeji akatafuta mahali pa kukaa. Hapakuwepo, akakalia ndoo.

"Chachu ni ndimu," akasema.

"Chachu ni hamira."

"Kwetu chachu ni ndimu. Kitu chochote kichachu jikoni kwetu kilikuwa chachu. Dada alikuwa akinituma gengeni, nenda kalete chachu, na mimi narudi na ndimu. Hamira tuliiita hamira. Miaka yote uliyokaa na dada yangu hukuwahi kumsikia?"

Hapo, msomaji, Fundi aliumia, na sitaficha. Hakuwahi kumsikia kwa sababu hakuwahi kuingia jikoni mkewe akiwa hai. Chakula kilikuwa kinatokea mlangoni na yeye anakula. Ameishi na mwanamke mpaka akamzika, na hakujua mwanamke huyo aliitaje ndimu.

Lakini mwenye aibu hutafuta wa kumwangushia. Akachomoa simu.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba. Wageni wameshakula?"

"Shangazi, nauliza habari ya chachu."

"Nani kachacha?"

"Hakuna aliyechacha."

"Kama umechacha sema, usizunguke. Siku ya wageni mtu hukopa."

"Shangazi, chachu. Uliniambia usisahau chachu."

"Ukasahau?"

"Sikusahau."

"Afadhali. Zambarau bila chachu inakaba koo. Ulikamua nyingi?"

"Kukamua nini?"

Simu ikakwaruza.

"Ndimu, baba," Shangazi akasema. "Unazikamua. Wewe ulifanya nini?"

"Nilitia hamira."

"Hamira ya mkate?"

"Ndiyo."

"Ukaziba chupa?"

"Nikaziba."

"Basi hiyo si sharubati, hiyo ni pombe. Usimpe mtu."

Fundi akatazama mlango wa sebuleni.

"Umempa nani?" Shangazi akauliza. "Wewe. Umempa nani?"

Safari hii aliyekata simu ni Fundi.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Chupa ya kileo, waliyoiogopa, ilikuwa imelala kwenye unga bila dhambi. Sharubati ndiyo iliyokuwa pombe, na Fundi aliipika mwenyewe kwa mikono yake, akaifunga uzi mweupe.

Kutoka sebuleni kikasikika kicheko. Kilikuwa kikubwa, kizito, cha kifuani. Fundi na Shemeji wakatazamana. Mzee Breki alikuwa hajatabasamu tangu aingie.

Mlango ukafunguka. Binti akaingia na jagi tupu, macho yanang'aa. Alikuwa amevaa gauni la mama yake lililopunguzwa kiunoni. Akaona dari.

"Baba, kumetokea nini?"

"Sufuria. Jagi hilo lilikuwa na nini?"

"Sharubati. Ulipoondoka na ile chupa nikafungua nyingine ya akiba, ile uliyoiweka kwenye kabati la vyombo sebuleni. Nikaimimina humu." Akashusha sauti, akamshika baba yake mkono. "Baba, Mzee Breki ameimaliza karibu yote peke yake. Anasema hajawahi kunywa kitu kama hiki. Amesema wewe ni mtu wa maana. Amesema tarehe ya arusi ipangwe leo leo, na amemtuma mwenzangu garini kuchukua zawadi ambayo hakutaka kuitoa mpaka wakati wa kuondoka. Anaomba jagi jingine."

"Wewe umekunywa?"

"Mimi bado. Nilikuwa nahudumia. Mama mkwe anakunywa maji ya moto tu." Akamtazama vizuri. "Baba, mbona unatetemeka?"

"Baridi ya friji," Fundi akasema.

Binti akacheka, maana alijua friji limekufa, akadhani ni mzaha. Akaliacha jagi mezani na kurudi kwa wageni, na nyayo zake zilikuwa nyepesi kama za mtu aliyeshapewa alichokitaka.

Shemeji akainuka kutoka kwenye ndoo. "Sasa nisikilize mimi," akasema. "Kaa kimya."

"Nikae kimya?"

"Amefurahi. Tarehe inapangwa. Nenda kamwambie sharubati imekwisha, mpe maji, mpe chakula kingi. Kesho akiamka kichwa kinamgonga atasema ni jua. Nani atajua? Mimi na wewe na Shangazi, na Shangazi hasikii."

"Yule mtu alimzika mdogo wake kwa ajili ya kitu hiki."

"Na wewe unataka umzike binti yako akiwa hai? Ukifungua mdomo hakuna arusi. Alisema mlangoni, sote tulisikia."

Fundi akalitazama jagi. Lilikuwa limebaki na tone moja chini, zambarau, zuri kulitazama. Alikasirika mpaka akataka kulipiga ukutani. Alimkasirikia Shangazi kwa kusema mafumbo, akaikasirikia hamira, akamkasirikia marehemu kwa kufa na maneno yake. Halafu hasira ikamgeukia mwenyewe, na hapo haikuwa na pa kwenda tena.

"Amekunywa ngapi?" akauliza, kama anajiuliza.

"Usihesabu," Shemeji akasema.

Fundi akalivua aproni, akalitundika, akatoka.

Sebuleni Mzee Breki alikuwa amelegeza tai. Funguo za gari alizilaza mezani kando ya glasi. Kiti cha kijana kilikuwa wazi. Nesi alikuwa ameshika kikombe chake bila kunywa, anamtazama mumewe, na leso yake imesimama nusu njia kwenda puani.

"Mkwe," Fundi akasema. "Njoo kidogo karakana nikuonyeshe friji moja."

"Friji?" Mzee Breki akacheka tena kile kicheko. "Mwanamume anayependa kazi yake huyu. Twende."

Akainuka na glasi yake mkononi. Akainama akaokota na funguo, mazoea ya dereva, akazitia mfukoni.

Karakana ya Fundi imeshikana na nyumba, mlango mmoja tu kutoka ukumbini, na mwingine mkubwa unaofungukia barabarani. Mafriji yamesimama humo milango wazi kama watu wanaopigwa na butwaa. Fundi akageuka.

"Mkwe, hiyo glasi iweke chini."

"Kuna nzi mwingine?"

"Hiyo si sharubati. Niliambiwa nitie chachu, nikatia hamira mahali pa ndimu. Imechachuka. Ni pombe. Sikukusudia, naapa kwa kaburi la mke wangu. Kijana wako hana kosa na binti yangu hana kosa. Mimi ndiye mjinga hapa. Ukitaka kunipiga, nipige, ila usiwaadhibu wao."

Alisema yote kwa pumzi moja, kisha akasubiri kibao.

Mzee Breki hakumpiga. Aliitazama glasi kwenye mwanga wa mlangoni. Ilikuwa imebaki nusu. Akaipandisha, akainywa mpaka mwisho, polepole, akafuta midomo kwa mgongo wa mkono.

"Nilijua," akasema.

Fundi akadhani hakusikia vizuri. "Ulijua nini?"

"Funda la kwanza. Ulimi wangu na kitu hiki ni marafiki wa zamani, wanasalimiana bila kutambulishwa. Ulipokuja na nzi wako nikasema basi, ameshtuka, ananinyang'anya. Ukaondoka na chupa. Halafu binti yako, Mungu ambariki, akaleta jagi." Sauti yake ilishuka. "Unajua nimesubiri miaka mingapi mtu anipe kwa bahati mbaya? Wala nisiulize, wala nisiombe. Mgeni hukataa anachopewa? Nikajiambia, Breki, wewe hujui kitu. Umeambiwa ni sharubati."

"Mkwe."

"Niongeze."

"Hapana."

"Niongeze, fundi. Mimi tarehe nimeshatoa. Ukinimiminia, arusi ipo, na nitaicheza mwenyewe. Ukimwambia mke wangu neno moja, nanyanyuka na mwanangu na hamtatuona tena." Akamsogezea glasi kifuani. "Breki nazo huisha, ndugu yangu. Wewe ni fundi, unajua. Kila kifaa kina siku yake."

Fundi akaishika ile glasi. Aliishika ili amwondolee mkononi, lakini aliyewaona kutoka mlangoni angeweza kudhani vingine.

Na mlangoni palikuwa na mtu.

"Kicheko kile nakijua," Nesi akasema. "Pua yangu imeziba, sinusi kitu. Lakini kicheko kile sijakisikia tangu tulipomzika mdogo wake." Akamgeukia Fundi. "Mkwe, unampa nini mume wangu?"

Nyuma yake alisimama binti, na jagi alilokuwa amelirudia jikoni, na tabasamu lililokuwa linajiuliza kama liondoke.

Mzee Breki akamtazama Fundi. Macho yake hayakuwa yakitishia tena. Yalikuwa yanaomba.

Ungekuwa wewe, msomaji, ungesemaje? Neno moja, sharubati, na kila mtu anarudi kukaa. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Na lilikuwa karibu na kweli, maana ndiyo aliyodhani anaipika.

"Ni pombe," Fundi akasema. "Nimeipika mimi kwa kutojua. Na amekunywa nyingi."

Jagi likateleza mikononi mwa binti. Halikuvunjika, lilikuwa la plastiki, likabingirika chini ya friji na hakuna aliyeliinamia.

Nesi hakupiga kelele. Wauguzi hawapigi kelele. Alimwendea mumewe, akamshika kidevu kama anavyowashika wagonjwa, akamtazama machoni.

"Na wewe ulijua?"

Mzee Breki akauondoa mkono wake taratibu. Akatazama chini. Kisha akampita mkewe, akampita binti wa watu bila kumwangalia, akatoka kwa mlango mkubwa wa barabarani, amenyooka kupita kiasi, kama mtu anayetembea juu ya mstari.

"Mwacheni apigwe na upepo," Shemeji akasema kutoka ukumbini, alikokuwa amejibanza. "Ikimpanda kichwani atakaa mwenyewe."

"Baba," binti akasema. Machozi yalikuwa yameshafika, lakini bado alikuwa anayazuia. "Ungeweza kuniambia mimi kwanza."

"Ningekwambia nini, mama? Niliambiwa chachu."

"Ungeniuliza. Mimi nilikuwa nakaa naye jikoni. Mimi naijua chachu."

Fundi alikuwa amekataa msaada wake kwa majuma, akimfukuza mlangoni na mwiko mkononi, na binti alikuwa na neno lile mdomoni wakati wote.

Nesi alikuwa amefika kwenye kiti cha fundi na kujikalisha. "Umefanya vyema kusema, mkwe," akasema akipenga. "Wengine wangenificha. Mambo ya watoto tutayazungumza akishalala, si mimi nitakayeivunja arusi..." Leso ikabaki puani. "Funguo ziko wapi?"

Fundi akaona kwa macho ya akili meza ya sebuleni, glasi, na mkono wa mazoea ukiinama.

"Mfukoni mwake," akasema.

Nje gari likawaka. Liliwaka mara moja bila kusita, kama magari ya watu wanaojua kuyawasha. Fundi akakimbia mlangoni, akawahi kuona kibao cha juu cha gari la kufundishia kikiyumba, magurudumu yakikata kona ya barabara kwa kasi ambayo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuruhusiwa.

"Mwanangu," Nesi akasema nyuma yake. "Mwanangu yuko wapi?"

Wote wakamgeukia binti.

"Alitumwa zawadi," binti akasema. "Garini. Hajarudi. Nimechungulia dirishani nikamwona amekaa ndani, anaifunga utepe kwenye mapaja."

"Kiti gani?" Fundi akauliza. "Kiti gani, mama?"

"Cha mwalimu."

Fundi akashusha pumzi, akamshika Nesi bega. "Basi, mkwe. Basi. Breki ya pili iko miguuni kwake. Anachotakiwa ni kukanyaga."

Nesi alikuwa anatazama barabara tupu. Leso ilikuwa imemdondoka.

"Hujamjua mwanangu," akasema. "Hajawahi kumpigia baba yake breki."